Kazi Umepata, Gari Huna: Kufika Kazini Dar es Salaam Bila Mshahara Kuishia Njiani

Barua ya ajira unayo, tarehe ya kuripoti unaijua, na ndugu wameshapiga simu za kukupongeza. Limebaki swali ambalo kwenye usaili hakuna aliyekuuliza: utafikaje kazini saa 2 kamili asubuhi, kila siku, kutoka huko unakoishi, na mwisho wa mwezi ubaki na kitu mfukoni?

Mkazi wa Dar es Salaam asiye na gari hujibu haraka: "Nitapanda daladala tu." Ni kweli, ila jibu hilo linaficha mengi. Watu wawili wa mtaa mmoja, wanaofanya kazi jengo moja, wanaweza kuachana mbali kabisa kwa nauli na wote wakasema wanapanda daladala. Umbali wao ni uleule. Wanachotofautiana ni idadi ya vyombo: mmoja anatoka nyumbani kwa boda, anapanda gari la kwanza, anaunganisha la pili, anamalizia na bajaji, mwenzake anatembea hadi kituoni, anapanda gari moja, anashuka na kutembea tena. Kila unapobadilisha chombo unaanza kulipa upya. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika kutafuta nauli ya chini, hangaika kupunguza maunganisho.

Anza na kalamu na karatasi

Nauli za daladala hupangwa na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kwa kufuata urefu wa ruti. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 ililipiwa shilingi 600 kwa mtu mzima. Ruti ndefu hulipiwa zaidi, lakini nauli haipandi sawasawa na kilomita: ya kilomita 30 haikufika hata mara mbili ya ile ya kilomita 10. Ndiyo maana magari mawili ya ruti fupi yanaweza kukugharimu zaidi kuliko gari moja linalovuka jiji zima.

Tuchukue mfano. Unaishi ndani ndani huko Charambe, Mbagala, na kazi umepata Mikocheni. Asubuhi unachukua boda hadi Rangi Tatu kwa shilingi 1,000. Pale unapanda daladala ya Makumbusho. Tuseme nauli ni 900. Ukishuka Makumbusho unachukua boda nyingine hadi mlangoni kwa ofisi, 1,500. Kwenda ni 3,400, kwenda na kurudi 6,800. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, umetumia 176,800. Kwa anayelipwa 500,000, ambayo ni kima cha chini cha mtumishi wa umma tangu Julai 2025, hiyo ni zaidi ya theluthi ya mshahara, tena kabla ya makato.

Sasa gawanya hesabu hiyo vipande. Daladala, iliyokuvusha jiji kutoka kusini hadi kaskazini, imekula 46,800 kwa mwezi. Boda mbili fupi, ya mwanzo na ya mwisho, zimekula 130,000. Anayebishana na konda juu ya shilingi 100 huku akipanda boda nne kwa siku anabana pasipovuja.

Fanya hivyo kwa safari yako. Andika kila kipande, nauli yake na dakika zake, ukianzia mlango wa nyumbani hadi lango la kazini. Zidisha kwa mbili, kisha kwa siku zako za kazi: 22 kama unapumzika Jumamosi na Jumapili, 26 kama Jumamosi nayo ni kazi. Zungushia duara kipande kinachokula pesa nyingi kwa umbali mfupi, uanze kukipunguza hicho.

Ijaribu njia kabla ya siku ya kwanza

Usijaribu Jumapili. Jumapili barabara ni nyeupe, utadhani Mbagala na Mikocheni ni majirani, halafu Jumatatu ikuumbue. Nenda siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa unatoka, ukiwa na haraka ileile.

Ukiwa kituoni chunguza mambo matatu. La kwanza, gari lako linaanzia hapo au linapita? Muulize yeyote aliyesimama: "Samahani dada, gari za Makumbusho zinaanzia hapa au zinapita?" Gari linaloanzia utalikuta tupu, linalopita utalikuta limeshajaa nyomi na konda ananing'inia mlangoni. Mara nyingi kutembea dakika 10 kurudi nyuma hadi mwanzo wa ruti kunakupa siti bila kuongeza hata senti.

La pili, lipo gari la moja kwa moja? Ruti huandikwa mbele na ubavuni mwa gari, na mstari wa rangi hukusaidia kulitambua kwa mbali. Watu wengi huunganisha magari kwa mazoea tu, kwa sababu walioanza nao kazi walikuwa wanaunganisha. Uliza makonda zaidi ya mmoja, kwa sababu wa kwanza anaweza kukupandisha gari lake ilimradi lijae. Kama gari la moja kwa moja linapita barabara ya pili, kilomita moja kutoka kwako, hiyo kilomita itembee.

La tatu, gari linafika mwisho? Hapa pana ugonjwa unaoitwa kukatisha ruti. Foleni ikikaza, dereva anageuzia njiani, na konda anatangaza, "Mwisho hapa, gari inageuza!" Ni kosa kwa mujibu wa masharti ya leseni, lakini jioni hutokea sana. Kabla ya kupanda uliza waziwazi: "Konda, unafika mwisho?" Na nauli usikimbilie kuitoa. Subiri konda agongeshe sarafu kiganjani, ndiyo dalili ya kuanza kukusanya. Akikushusha njiani, dai pesa iliyobaki ukamalizie safari kwa gari jingine. Akikataa, chukua namba za gari uripoti LATRA.

Siti ina bei yake: habari ya kugeuza

Mgeni wa usafiri wa Dar hushangaa kitu kimoja asubuhi. Gari linaingia kituo cha mwisho, linatakiwa kushusha, lakini siti zote zimekaliwa na hakuna anayenyanyuka. Waliokaa wamejiinamia, wengine wameshaanza kusinzia. Hao wamegeuza nalo. Walilipandia vituo vitatu au vinne kabla ya mwisho, likiwa linarudi kuchukua abiria, wakalipa nauli ya kuja huko, na sasa watalipa nyingine ya kwenda. Nje, waliosubiri tangu saa 11 alfajiri wanagombea nafasi chache zilizobaki: mmoja anasukumwa mlangoni, kijana anaingilia dirishani, begi limetangulia, viatu vinafuata.

Kugeuza kunasaidia, ila ujue unalipia nini. Kama unalipa 600 ya ziada kila asubuhi, kwa siku 26 ni 15,600. Kwa mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo, au mtu wa safari ya saa moja na nusu, hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa kijana mzima wa safari ya dakika 35, simama. Njia ya katikati ni kutoka nyumbani mapema kidogo na kupanga foleni pale gari linapoanzia, kama kituo chako kina utaratibu wa foleni. Wengine hugeuza Jumatatu na Ijumaa tu, siku ambazo kugombea kunakuwa kukali.

Mwendokasi, kivuko na treni

Kama nyumba au kazi yako iko karibu na Barabara ya Morogoro, mwendokasi uwe wa kwanza kuufikiria. Ulianza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, ukiishia Kivukoni na Gerezani, Kariakoo, na tawi la Morocco kupitia Kinondoni. Faida yake ya wazi ni njia yake yenyewe: magari mengine yakiwa yamegandana, basi linapita. Faida ambayo wengi hawaihesabu ni kwamba ukiwa ndani ya kituo unaweza kushuka basi moja na kupanda la tawi jingine bila kukata tiketi mpya, mradi hujatoka nje. Huo ni uunganishaji usiolipiwa, na kwenye hesabu yako una thamani kubwa.

Matatizo yake nayo yajue. Asubuhi na jioni mabasi hujaa hadi milango inakataa kufunga, na ukipanda linaloruka vituo bila kuuliza utajikuta umepitishwa. Kisha kuna Jangwani. Bonde la Msimbazi likifurika, barabara pale hufungwa, na safari ya kuingia mjini inakatikia Magomeni. Masika, kati ya Machi na Mei, na hata vuli ya Oktoba hadi Desemba, uwe na njia ya pili mfukoni. Mvua ikinyesha usiku kucha, uliza hali ya Jangwani kabla hujatoka kitandani.

Anayeishi Kigamboni na kufanya kazi Posta ana bahati ambayo wengi hawana. Kivuko cha Magogoni kinachoendeshwa na TEMESA kimemtoza mtembea kwa miguu shilingi 200 kwa miaka mingi, unalipa kwa N-Card, na ukishuka upande wa Feri ofisi nyingi za katikati ya jiji ni za kutembea. Weka salio kwenye kadi usiku. Usisubiri asubuhi, uhangaike dirishani huku kivuko kinaondoka. Kama kazi yako iko Kurasini, Temeke au barabara ya Mandela, kivuko kitakurudisha nyuma. Pitia Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016. Magari yanalipia daraja, anayevuka kwa miguu halipi.

Treni ya mjini, ile iliyoanza Oktoba 2012 na ambayo watu waliibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilileta unafuu kwa watu wa kandokando ya reli. Treni haina foleni, ila safari zake ni chache. Ukiikosa moja, umechelewa kazi. Kwa hiyo itegemee baada ya kwenda stesheni mwenyewe na kupata ratiba ya wiki hiyo. Na kama umeanza kuwaza kubaki Morogoro na kuja Dar kila siku kwa treni ya SGR, piga hesabu kwanza. Ilipoanza safari Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000 kwa siku, bado hujatoka stesheni. Hiyo ni ya kwenda kuwaona wazazi wikiendi.

Vipande vifupi ndipo penye pesa

Rudi kwenye duara ulilozungushia. Kipande cha kutoka nyumbani hadi barabara kuu, na cha kutoka kituoni hadi ofisini, una njia nne za kukipunguza.

Kutembea. Kilomita 2 ni kama dakika 25 kwa mwendo wa kawaida. Kikwazo cha Dar kwa kawaida ni jasho, na dawa yake ni ndogo: tembea na raba na fulana, shati la kazi likunje kwenye begi, viatu viache ofisini chini ya meza, na taulo dogo liwepo. Asubuhi saa 12 jua bado halijawa na nguvu. Jioni amua kwa kuangalia mwanga na watu: njia iliyo na maduka na taa itembee, kichochoro chenye giza kilipie boda. Hata ukitembea asubuhi tu, umeshakata nusu ya gharama ya kipande hicho.

Bajaji ya kuchangia. Maeneo mengi bajaji hukaa kijiweni, zinajaza abiria na kila mmoja analipa chake, mara nyingi pungufu sana kuliko ukiichukua peke yako. Kama kwenu hazipo, tafuta majirani wawili wanaotoka saa ileile na wewe, mkodi moja kwa pamoja.

Boda wa kudumu. Badala ya kusimamisha yeyote anayepita, chagua dereva mmoja wa kijiwe cha mtaani, mtu anayejulikana, anayeendesha kwa utulivu na mwenye kofia ngumu ya abiria. Zungumza naye mchana akiwa ametulia: "Bosi, mimi kila siku saa 11 na nusu alfajiri natoka hapa kwenda Rangi Tatu. Huwa natoa 1,000. Tukifanya ya kila siku utanifanyia 700?" Dereva anapenda mteja wa uhakika, na wengi watakubali au mtakutana kwenye 800. Mlipe mwisho wa wiki, usitangulize ya mwezi mzima: pikipiki ikiharibika au ikikamatwa, pesa yako isiwe imeshaingia kwenye matengenezo. Akitaka kukupakia mshikaki na abiria mwingine, kataa. Ni kosa kisheria, na siku ya ajali hakuna atakayekumbuka kwamba uliokoa mia tatu.

Baiskeli. Kwa safari ya kilomita 4 hadi 8 kwenye barabara zenye utulivu, hakuna kinachoishinda kwa gharama. Barabara ya Morogoro ilijengewa njia ya baiskeli kandokando ya mwendokasi, ingawa utaikuta mara nyingi imekaliwa na wachuuzi na pikipiki. Kwenye barabara kuu zisizo na njia hiyo, mapambano na malori sikushauri. Nunua kufuli imara, na mzoee mlinzi wa kazini mapema, maana ndiye atakayeitazama baiskeli yako mchana kutwa.

Teksi za programu za simu, kama Bolt na inDrive, ziweke kwenye fungu la dharura. Asubuhi yenye mvua bei hupanda wakati kila mtu anaihitaji. Mkiwa watu watatu au wanne wa upande mmoja mnaotoka zamu usiku, kuchangia kunaweza kuwa nafuu kuliko kila mmoja na boda yake, na ni salama zaidi.

Lifti ya mwenzako na basi la kazini

Wiki ya kwanza kazini, sikiliza nani anaishi wapi. Ukimpata mwenye gari anayepita njia yako, usiombe lifti ya bure kila siku. Mwambie mapema: "Kaka, naomba niwe nachangia mafuta." Kubalianeni kiasi kwa wiki, nawe uwe umeshasimama barabarani kabla hajafika. Anayesubiriwa mara tatu, ya nne ataona gari likipita. Kumbuka pia kwamba gari hilo siku nyingine litakuwa gereji au mwenyewe atakuwa safarini, kwa hiyo njia yako ya daladala uendelee kuijua.

Viwanda vingi, hoteli na taasisi za serikali zina mabasi ya wafanyakazi. Swali la basi liulize kabla ya kusaini mkataba, lisikupite ukaja kuliuliza mwezi wa tatu: basi lipo, linapita vituo gani, saa ngapi, na siku za zamu ya usiku linakuwepo? Kama halipo, uliza kuhusu posho ya usafiri. Ukiahidiwa kwa mdomo, omba iandikwe kwenye mkataba.

Kwa wa zamu, jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inamtaka mwajiri alipe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Ni haki yako, idai. Lakini ipigie hesabu: kwa mshahara wa 500,000, nyongeza hiyo ni kama shilingi 130 kwa saa, na zamu ya saa 8 inakupa kama 1,000. Boda moja ya saa 7 usiku inaimaliza na kubakiza deni. Ukitoka kazini daladala zimeshalala, usafiri wa kurudi ni jambo la kuzungumza na mwajiri kabla hujaanza.

Foleni ina saa zake

Saa 11 na nusu alfajiri na saa 12 na robo asubuhi ni dakika 45 tu kwenye saa ya ukutani. Barabarani zinaweza kukutofautisha kwa saa nzima. Foleni za barabara za Kilwa, Nyerere, Mandela, Morogoro na Bagamoyo hujengeka kwa pamoja, na trafiki akianza kuongoza makutano kwa mkono, upande mmoja unaweza kusimama hadi abiria wakaanza kushuka na kutembea. Msafara wa kiongozi ukipita, barabara inafungwa bila taarifa. Wenye uzoefu hutoka kabla ya kishindo, wanafika mapema, wanakunywa chai karibu na kazini. Hapo sasa jihadhari: chai, chapati na supu ya kila siku ni nauli nyingine kwa jina tofauti. Beba kiporo au chupa ya chai kutoka nyumbani.

Jioni ni kinyume. Anayetoka kazini saa 11 anakuta watu wote wako kituoni. Kama huna mtoto wa kumwahi wala mgonjwa wa kumhudumia, kubaki kazini hadi saa 1 usiku ukisoma au kumaliza viporo vya kazi kunaweza kukufikisha nyumbani karibu saa ileile, ukiwa umekaa kwenye siti. Ila hilo lifanye kama njia yako ya mwisho ina taa na watu.

Kwenye msongamano, begi lije mbele kifuani, simu iwe ndani, na dirishani usiongee na simu gari linaposimama. Vibaka wa vituoni huijua sura ya mgeni kwa jinsi anavyotazama juu kusoma vibao. Gari binafsi likisimama na kukuita "Posta buku, twende!" usiku, liache liende hata kama limeshabeba wengine, taksi bubu zimewaliza watu wengi.

Mwezi wa kwanza hauna mshahara

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kazi imeanza tarehe 1, mshahara ni mwisho wa mwezi, na pengine ukasubiri zaidi kwa sababu taarifa zako za benki hazijaingizwa. Kwa hiyo nauli ya siku 40 itafute kabla ya kuanza. Kwa mtu wa magari mawili ya 600 kwenda na mawili kurudi, siku ni 2,400; siku 34 za kazi ndani ya muda huo ni 81,600. Ongeza fungu dogo la siku za mvua.

Kama huna, azima kwa ndugu ukimwambia tarehe ya kurudisha, au muulize mwajiri kama anatoa advansi baada ya wiki mbili. Usikimbilie mikopo ya kausha damu wala ile ya programu za simu inayokukata riba kabla pesa haijakufikia. Utaanza mshahara wako wa kwanza ukiwa na deni kubwa kuliko nauli uliyokuwa unaitafuta.

Pesa ikipatikana, igawe kwa wiki. Nauli ya wiki iwe kwenye bahasha yake au kwenye laini ya simu ambayo hutumii kwa mengine. Na iwe chenji. Noti ya 10,000 saa 11 alfajiri ni ugomvi: konda hana chenji, atakwambia usubiri, utashuka umesahau, naye ataondoka.

Uhame au usihame?

Baada ya wiki mbili za kuchoka, utaanza kuwaza kuhamia karibu na kazi. Subiri muda wa majaribio uishe, kisha upige hesabu. Tuseme chumba chako cha sasa ni 70,000 na cha karibu na kazi ni 120,000. Umeongeza 50,000 kwa mwezi. Kama nauli inapungua 60,000, faida yako ni 10,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 120,000, na kirikuu cha kubeba vitu tuseme 50,000. Utahitaji miezi 17 kurudisha hiyo 170,000, na bado mwenye nyumba anadai kodi ya miezi 6 au mwaka kwa mkupuo.

Mara nyingi kuhama kunakolipa ni kule kufupi: kubaki mtaa uleule wa bei nafuu, ila ukatoka ndani ukasogea kandokando ya barabara kuu, karibu na kituo ambapo gari lako la moja kwa moja linaanzia. Mtu wa Charambe akiongeza 20,000 ya kodi akapata chumba cha kutembea hadi Rangi Tatu, anaua boda ya 1,000 asubuhi na jioni, yaani 52,000 kwa mwezi. Kila mwezi anabaki na 32,000, na anapata nusu saa ya kulala.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Andika vipande vyote vya safari, nauli na dakika zake, na uzungushie duara kinachokula zaidi.
2. Fanya safari ya majaribio siku ya kazi, asubuhi na jioni.
3. Tafuta gari la moja kwa moja, hata kama ni la kutembea kilomita moja.
4. Zungumza na boda mmoja au bajaji ya kuchangia, malipo kwa wiki.
5. Jua njia ya pili ya siku za mvua.
6. Uliza basi la wafanyakazi au posho kabla ya kusaini.
7. Tenga nauli ya siku 40, kwa chenji.

Mshahara wa kwanza ukiingia, toa karatasi yako ulinganishe ulichopanga na ulichotumia. Nauli zikitangazwa upya, au ruti mpya ikifunguliwa karibu nawe, rudia hesabu siku hiyohiyo. Ukiona umepunguza chombo kimoja tu kati ya vinne ulivyoanza navyo, utakuwa umejiongezea mshahara bila kumwomba bosi.